Mzee Aya, Mlezi wa Wahadhiri Wapya, Anaaga

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Idara ya Sayansi ya Udongo itamuaga mwenzetu ambaye kwenye nyaraka za ofisi ana jina refu lenye vyeo mbele na shahada nyuma. Kwenye korido anaitwa Mzee Aya. Ukimuuliza mlinzi wa getini kwa lile jina refu, atakukazia macho na kusema, "Nani huyo?" Ukimwambia Mzee Aya, atanyoosha mkono hapo hapo: ghorofa ya chini, pita vyoo, mlango wa mwisho.

Jina hilo alibandikwa na wahadhiri wapya. Kila aliyempelekea rasimu ya makala alikutana na swali moja kabla hata hajavuta kiti: "Aya yako ya kwanza inasema nini?" Mgeni alianza kueleza, akaeleza, akajikuta anaeleza na mikono, huku Mzee akimsikiliza na kumenya chungwa taratibu. Mwishoni alimkatia mgeni nusu ya chungwa, akasema, "Hayo uliyoniambia sasa hivi ni mazuri sana. Mbona hukuyaandika?"

Makala zilirudi zimejaa penseli. Kalamu nyekundu hakuwahi kuigusa kwa kazi ya mwenzake. Alisema wino mwekundu humfanya mtu mzima ajione yuko darasa la tatu. Pembezoni aliandika maneno ambayo tulisomeana mezani wakati wa chai hadi machozi yakatutoka kwa kucheka. "Hapa umepiga hodi mara tatu, ingia ndani." "Sentensi hii imebeba mizigo ya ukoo mzima, ipunguzie." Na lile lililomkuta karibu kila mmoja wetu: "Unamwogopa nani?"

Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumuuliza hivyo. Alipoajiriwa kama mhadhiri msaidizi, mkuu wa idara wa siku zile alimkabidhi funguo, ratiba ya vipindi na rundo la mitihani ya mwalimu aliyekuwa amehama bila kuisahihisha. Kijana akauliza kuhusu utafiti. "Utafiti ni lazima," akajibiwa. "Bila machapisho hupandi cheo, na usipopanda cheo mkataba unakwisha. Muda wa kuufanya utautafuta mwenyewe."

Akautafuta. Siku za juma alifundisha, Jumamosi alipanda milimani na koleo na mifuko, akichimbua udongo wa miteremko iliyokuwa inamomonyoka kila mvua ikinyesha. Tanuri la maabara lilipoharibika na fundi akawa anakuja kesho kila siku, alihamishia kazi nyumbani na kukausha sampuli zake katika oveni ya mkewe. Shemeji yetu huyu, muuguzi mwenye maneno ya kuchekesha kuliko mumewe, anasimulia kwamba siku moja alikuja mgeni, akahisi joto la oveni, akakaa kwa adabu akisubiri chakula. Alisubiri sana. "Nilishindwa kumwambia kwamba kilichomo mle ndani ni mlima," anasema.

Kutokana na sampuli hizo zilipatikana makala ambazo hadi leo mtu akitaka kuandika juu ya maporomoko ya ardhi hawezi kuziruka. Shirika moja la uchapishaji lilimwandikia kumwomba kitabu kizima. Akaanza kukiandika. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa golikipa wa timu ya wafanyakazi, golikipa wa ajabu kidogo, kwani kila akifungwa alimwendea mwamuzi na kudai ushahidi. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kumwita Mkuu wa Kitivo, kwa utani na kwa kweli, maana kiti hicho kilikuwa karibu kuwa wazi na hakuonekana mwingine wa kukikalia.

Hapo ndipo alipokuja mtaalamu wa maji.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mhadhiri kijana aliyetoka masomoni na swali lililomkosesha utulivu: kwa nini visima vya upande wa viwanda vilikuwa vinabadilika ladha mwaka hadi mwaka, na nani alikuwa anayanywa maji hayo. Wanafunzi walimwita Binti Visima. Aliajiriwa kwa shangwe. Kwenye usaili aliahidiwa maabara, na barua ya ajira ikamtaka ndani ya kipindi chake cha kwanza awe amechapisha makala tatu katika majarida yanayotambulika. Yeye alitia sahihi huku akitabasamu. Alijua alichokuwa anataka kuandika.

Maabara aliyoikuta ilikuwa chumba chenye maboksi yaliyorundikwa hadi dirishani. Mabomba yalikuwa ukutani, maji hayakuwamo. Alipangiwa kozi nne, moja ikiwa ya mwaka wa kwanza, ambayo wanafunzi wake walijaa ukumbi na waliobaki wakasikilizia madirishani. Na kwa kuwa alikuwa mdogo na mwandiko wake mzuri, kila kamati iliyokosa katibu ilimkumbuka yeye. Akiuliza kuhusu maabara, aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Sampuli zake za kwanza ziliharibika pale umeme ulipokatwa wakati wa likizo na jokofu likazima. Akaenda visimani upya, na ndoo zake, akaanza mwanzo.

Mzee hakuwa bosi wake. Alikuwa jirani tu wa korido. Alimgawia nusu ya meza yake ya maabara, akachukua kozi moja kati ya zile nne bila kumwambia mtu, na wakati wa chakula cha mchana walionekana wawili hao wamekaa ngazini wakibishana juu ya chumvi. "Binti yangu, andika kidogo kidogo," alikuwa akimwambia. Naye alikuwa akijibu, "Mzee, hicho kidogo nikiandike saa ngapi?"

Kipindi kilipokwisha alikuwa na makala moja iliyochapishwa na ya pili ikiwa mikononi mwa wahakiki. Kamati ya ajira ikakaa. Mzee hakuwa mjumbe, lakini aliomba nafasi ya kusikilizwa, akapewa. Mjumbe mmoja wa kikao kile, ambaye naye sasa amestaafu, alitusimulia yaliyosemwa.

"Kabla hamjahesabu alichotoa, hesabuni mlichompa," Mzee aliwaambia. "Maabara hakupewa. Muda hakupewa. Hata maji, mtaalamu wa maji, hakupewa."

Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu. "Profesa, huruma yako tunaielewa. Lakini kanuni ni kanuni. Tukimwachia huyu, anayekuja kesho tutamwambia nini?"

"Anayekuja kesho mpeni maabara. Hamtakuwa na haja ya kumwambia chochote."

Walimshukuru, wakamwomba atoke nje, wakapiga kura. Mkataba haukuongezwa. Makala ile ya pili ilikubaliwa muda mfupi baadaye, wakati dawati lake lilikuwa limekwisha kupewa mtu mwingine.

Siku aliyoondoka, Mzee alimbebea boksi la vitabu hadi kwenye gari. Alikuwa anatembea polepole mno, hata binti akamtania: "Mzee, usinisindikize kama unazika. Mimi nipo, ni kazi tu iliyokufa." Akacheka, Mzee naye akacheka kwa ajili yake. Mkewe anasema jioni ile hakugusa chakula. Alikaa jikoni na viatu miguuni, kama mtu anayetaka kutoka tena. "Yule mtoto alikuwa anatosha," akamwambia mkewe. "Alitosha kabisa. Sisi ndio hatukutosha."

Uchaguzi wa Mkuu wa Kitivo ulipofika, jina la Mzee halikuwamo. Alikataa fomu. Badala yake akaenda kwa utawala kuomba chumba, chochote, na mamlaka kidogo ya kuwashughulikia wahadhiri wapya wa vitivo vyote. Mamlaka hakupewa. Chumba alipewa: ghala la chaki na viti vilivyovunjika miguu, lenye sinki kwenye kona na dirisha linalotazama mapipa ya taka. Akavitengeneza viti hivyo mwenyewe kwa msumari na gundi. Waliokaa juu yake wanajua kwamba vingine havikupona vizuri.

Vita vya kanuni vilichukua miaka. Alichotaka kinaonekana leo kama jambo la kawaida, na ndiyo sababu inafaa tukumbushane. Mhadhiri mpya asizidishiwe kozi mwaka wake wa kwanza. Asitwishwe ukatibu wa kamati. Vifaa alivyoahidiwa viwepo kabla hajafika, visije vikamkuta amekwisha kukata tamaa. Awe na mlezi kutoka idara nyingine, mtu asiyekaa kwenye kikao cha kumpima, ili aweze kumwambia ukweli. Na siku ya kumpima, kamati isome kwanza alichopewa ndipo isome alichotoa.

Seneti iliurudisha mswada huo mara kadhaa. Safari moja profesa mmoja mkongwe alisimama na kusema kwa uchungu wa kweli, "Sisi tulilelewa na nani? Mbona tulifika?" Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akasubiri makofi yaishe. "Tuliofika ndio tuliomo humu," alisema. "Ambao hawakufika hawana kiti hapa cha kusimama na kusema." Hakuna aliyepiga makofi, ila kikao kilichofuata kanuni ilipita.

Mimi ni mmoja wa waliokuja baada ya hapo. Nilifika Idara ya Isimu nikiwa na mtoto mchanga na tasnifu ambayo nilikuwa naiona aibu kuifungua. Mzee hajui lolote kuhusu isimu na alikuwa akijisifu kwa hilo. "Nikikuelewa mimi, basi umeandika," alikuwa akisema. Alinisaidia kupangua ratiba ili nisifundishe asubuhi sana, na nilipokuja na mtoto kwa sababu yaya hakutokea, alimpokea, akamlaza begani, akaendelea kusoma rasimu yangu akitembea kutoka sinki hadi dirishani. Mtoto alitafuna penseli yake. Mhakiki wa jarida aliponijibu kwa dharau na mimi nikataka kumjibu palepale, Mzee alinizuia. "Usimjibu mtu siku aliyokuudhi. Nenda kafue nguo kwanza." Nilifua hadi mapazia. Makala ikapita.

Katika chumba kile walipita wanasheria, wahandisi, walimu wa muziki. Wapo waliolia kwenye viti vyake vibovu, na wapo waliosinzia. Kuna mhandisi aliyekuja kuaga kwamba anaacha kazi, akatoka amekubali kuandika aya moja tu kabla ya kuacha. Leo ni mkuu wa idara.

Nafasi ya mtaalamu wa maji ilipotangazwa tena, Mzee hakutuma ujumbe. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye mamlaka ya maji ambako Binti Visima alikuwa akifanya kazi, akamsubiri mapokezi kama mwananchi mwenye malalamiko ya bili. Alimwomba aje tu kuangalia. Akaja. Nilikuwapo, kwa sababu Mzee aliniomba nishike funguo, na nadhani pia aliogopa kuwa peke yake.

Maabara ilikuwa imekamilika. Majokofu yalikuwa yanaunguruma, na jenereta ilikuwa nje ya ukuta. Mama yule, maana sasa alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, alilisogelea sinki, akafungua bomba. Maji yakatoka. Akayaacha yatiririke kidogo, akafunga, akafuta mkono kwa leso.

"Yote uliyoyaomba yapo," Mzee akamwambia.

"Naona, Mzee. Ni pazuri."

"Basi rudi. Kile kisima cha tatu mpaka leo hakuna aliyekielewa."

Aliikunja ile leso. "Ungenionyesha haya siku zile, ningezeekea humu humu. Sasa nina watu ninaowaongoza, wanangu wako shule. Na nikikudanganya itakuwa dhambi," akasema, sauti imeshuka, "sikumbuki tena nilikuwa nataka kuandika nini. Najua lilikuwa jambo kubwa. Lakini limeondoka."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa tu ni saa ngapi. Walikunywa chai, wakaulizana habari za watoto, akamsindikiza. Aliporudi alisimama katikati ya maabara ile, ambayo aliipigania kuliko mtu yeyote katika chuo hiki, na akasema kitu kimoja tu: "Nilidhani mtu anaweza kungoja." Visima vya upande wa viwanda havijafanyiwa utafiti tena tangu wakati huo. Aliyeajiriwa ni mtaalamu mzuri wa mabwawa.

Tangu siku ile alikuwa mkali kwa yeyote aliyemshukuru. Mhadhiri akisimama kwenye semina kumsifu, alimkatisha: "Kanuni hii inayokufaidisha ina mtu aliyeilipia, naye hayumo humu ndani." Kisha akarudi kwenye makala ya siku hiyo.

Yapo mengine ambayo wasifu wa kuagana kwa kawaida huyaruka. Mzee anastaafu akiwa profesa mshiriki. Hakuwahi kuwa profesa kamili, kwa sababu kipimo cha uprofesa kamili ni machapisho, na kusoma rasimu za watu wengine hakuhesabiwi popote. Tulipotaka kuandika ombi maalumu kwa ajili yake, alitukataza. "Niacheni. Nitakuwa nadai cheo cha kazi ambayo sikuifanya." Tulibishana naye sana. Alishinda, na bado nasikitika kwamba tulimwacha ashinde.

Kile kitabu cha miteremko hakikuisha. Kilisimama karibu katikati, wakati ule alipohamia kwenye ghala la chaki, na kila alipokirudia kulikuwa na mtu mlangoni mwenye rasimu kifuani. Miaka michache iliyopita mtaalamu wa nchi nyingine, kijana kiasi, alichapisha kitabu juu ya jambo lile lile. Mzee alikinunua, akakisoma chote, akamwandikia mwandishi kumpongeza. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alimuuliza kama kimemuuma. Alisema, "Kimeniuma ukurasa wa kwanza. Baadaye kilikuwa kizuri mno, nikasahau kuumia." Binti anasema hakumwamini.

Na sasa anaondoka, na hatuna wa kumweka mahali pake. Mtu wa kurithi kazi hii hakuteuliwa. Tumeambiwa kwamba majukumu ya chumba kile yatahamishiwa ofisi nyingine, ambayo ina shughuli nyingi tayari. Wakati huo huo idadi ya makala anayotakiwa kuchapisha mhadhiri mpya imeongezwa, na kozi zimeanza kurudi moja moja kwa visingizio vya upungufu wa walimu. Kanuni bado ipo kwenye karatasi. Mzee ndiye aliyekuwa akiitembeza mlango kwa mlango, akiwakumbusha wakuu wa idara kwa utani, kwa heshima, na ikishindikana kwa kukaa ofisini mwao hadi waone aibu.

Wachache wetu tumekubaliana kila mmoja achukue mhadhiri mpya mmoja na kumlea. Tulipomweleza, alifurahi, akatupa mawaidha marefu, kisha akauliza, "Na mkichoka?" Akajijibu mwenyewe: basi tuanze kabla hatujachoka.

Kwa hiyo, Mzee wetu, pokea shukrani za watu wa vitivo vyote, pamoja na wale ambao hawajajua bado kwamba ni wewe uliyewatengenezea njia. Kwa mkeo, shemeji yetu, tunasema asante kwa oveni, kwa Jumamosi nyingi, na kwa mume tuliyemrudisha nyumbani akiwa amechoka kila jioni. Tunakuombea magoti yenye nguvu za kupanda milima, na mvua za wastani. Tunakutakia nyumba yenye kicheko, na mlango ambao hakuna mtu atakayeugonga akiwa na karatasi mkononi.

Muda uliotupa hatuna namna ya kuurudisha. Uliobaki tunakutakia uwe wako mwenyewe, wote.